Nitajuaje kama wito wangu kwa watoto yatima ni wa kweli?

Swali: Shikamoo Mama, na Bwana asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 23, nimemaliza stashahada ya ualimu wa chekechea. Tangu kongamano la vijana la mwaka juzi nina mzigo mzito moyoni wa kwenda nje ya nchi kuhudumia watoto yatima. Nimepata kituo kinachopokea watu wa kujitolea kwa miezi mitatu hadi sita. Nauli najilipia, na kila mwezi nalipa ada ya kituo. Wazazi wangu hawataki hata kusikia, wanasema nitafute ajira kwanza. Mchungaji anasema niende tu, Mungu atanionyesha njia nikifika. Nitajuaje kama huu ni wito au ni hisia? Na kama ni wito, nijiandaeje?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na jina lake lisifiwe. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama mama, mara ya pili kama mtu aliyekaa miaka mingi kwenye kamati ya usaili ya vijana wanaoomba kwenda misheni, na mara ya tatu kama ofisa ustawi wa jamii, kazi iliyonilisha mpaka nikastaafu. Watu hao watatu hawakukubaliana kila mahali, kwa hiyo nivumilie nikionekana kukuvuta huku na huku.

Kama Mungu amekuita au hajakuita, mimi hakuniambia. Ninachoweza ni kukuonyesha mahali pa kupimia. Soma tena Matendo ya Mitume sura ya 13. Sauli hakunong'onezwa peke yake chumbani kisha akakimbilia bandarini. Roho Mtakatifu alisema na kanisa la Antiokia, watu walikuwa wanafunga na kuomba, na hao ndio walioweka mikono wakawaaga yeye na Barnaba. Halafu nenda sura ya 16. Paulo huyohuyo, mtume mzoefu sasa, anakatazwa kuhubiri Asia, anajaribu Bithinia, anazuiwa tena, mwisho anajikuta Makedonia ambako hakuwa amepanga kwenda. Wito wake haukuguswa, kilichobadilika ni anwani. Kwa hiyo pingamizi la wazazi wako usiliite kazi ya adui, kama baadhi ya wenzako watakavyokushauri. Mara nyingi ni swali la haki lililotoka kwa sauti ya ukali: utaishi kwa kitu gani, na ukiugua kule nani atakuuguza?

Kwenye usaili nilikuwa na swali moja ambalo halikuwa kwenye fomu, na nakuuliza na wewe. Chukulia umeshauza vitu vyako, umefika, umekuta geti la kituo limefungwa. Mlinzi anakuambia kituo hakipo tena, kila mtoto amerudi kwa ndugu zake, na wachache waliokosa ndugu wamepata familia za kuwalea. Je, ungepiga magoti ukashukuru, au ungejisikia umeibiwa kitu?

Usinijibu mimi. Wengi walionyamaza mbele ya swali hilo walikuwa vijana wazuri, waombaji kweli. Ila walikuwa wameitwa kwenye picha, na ndani ya picha hiyo wao wenyewe walikuwa wamesimama katikati, watoto wamewazunguka. Ningeulizwa mimi nikiwa na miaka 23, ningenyamaza pia.

Sasa tuzungumze juu ya hao yatima. Tukiwa kanisani, neno hilo linatuletea mtoto asiye na mtu duniani. UNICEF ikihesabu yatima, inahesabu kila mtoto chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 walikadiriwa kuwa karibu milioni 140 duniani, na kati yao waliofiwa na baba na mama pamoja walikuwa milioni 15.1. Fanya hesabu mwenyewe: zaidi ya watoto milioni 120 wanaoitwa yatima wana mzazi aliye hai. Na hata hao waliobaki, wengi wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa kaka mkubwa. Walio vituoni ni sehemu ndogo, na huko nako wengi wana wazazi. Wameletwa kwa sababu kituoni kuna shule, kuna dawa, kuna mlo wa uhakika, au kwa sababu mtoto ana ulemavu na mama amechoka peke yake bila msaada.

Ndiyo maana Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyekaa na wazazi wake, uliopitishwa mwaka 2009, unasema wazi kwamba umaskini peke yake hauwi sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi wake. Watu wa imani wakisikia Umoja wa Mataifa huwa wanakunja uso kidogo, basi niseme kwa Maandiko. Yakobo 1:27 tunaikariri wote, ila tunapita haraka juu ya maneno "yatima na wajane". Hao wawili wametajwa pamoja kwa sababu mara nyingi walikuwa nyumba moja: yatima ni mtoto wa yule mjane. Fungua 2 Wafalme sura ya 4. Mjane amemlilia Elisha, mwenye kumdai mumewe anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Kama tungekuwa sisi, tungefungua makao, tukawapokea wale vijana wawili, tukawapiga picha wakiwa na sare mpya. Elisha alimwuliza mama yao ana kitu gani nyumbani. Ana chupa ya mafuta. Akamwambia akaazime vyombo kwa majirani. Mafuta yakauzwa, deni likalipwa, na wale wana hawakuondoka kwa mama yao hata siku moja. Huduma yote ya ustawi wa jamii niliyosomea darasani imo katika mistari hiyo saba, hata majirani wamo.

Kinyume chake tumekiona kwa macho yetu. Januari 2010, siku chache baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani kumi waliotoka makanisani walikamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 kuingia Jamhuri ya Dominika, wakiamini wanaokoa yatima. Baadaye ikabainika watoto hao walikuwa na wazazi hai, wazazi waliowatoa kwa ahadi ya shule na maisha mazuri. Nchini Kambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010, idadi ya vituo vya watoto iliongezeka kwa asilimia 75. Yatima hawakuongezeka hivyo, walioongezeka ni wageni waliotaka kutembelea na kujitolea, pamoja na fedha zao. Kitanda kikishafadhiliwa, mtoto wa kukilalia atatafutwa. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zizuie madhara yatokanayo na programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, kwa kuwa zinaweza kuwa mlango wa kuwasafirisha watoto kiharamu na kuwatumikisha.

Sisemi kituo chako ni cha namna hiyo. Sikijui. Nakuambia kwa nini lile neno "ada" lilinifanya niweke barua chini kwanza. Unalipa ili ukae na watoto. Siku watoto hao wakirudi nyumbani, kituo kitapoteza malipo yako na ya atakayekuja baada yako. Sasa nani pale atakuwa na haraka ya kumtafuta bibi wa mtoto?

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipokuwa na umri wako. Utakapoingia getini, watoto watakukimbilia. Watakushika mikono, watakupanda mgongoni, mmoja atakuita mama kabla hujamwambia jina lako. Utalia, utapiga simu nyumbani usiku useme, "Hapa ndipo Mungu alipotaka nije." Mtoto mdogo aliyelelewa na watu wake kwa kawaida hafanyi hivyo. Akiona mgeni hujificha kwanza nyuma ya mguu wa mama, achungulie, aje baadaye kidogo kidogo. Anayemrukia kila mgeni mara nyingi ni mtoto aliyebadilishiwa walezi mpaka haoni tena tofauti kati ya mtu wake na mpita njia. Kile ulichokiona kama upendo ni jeraha.

Hili limechunguzwa kwa makini. Utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia ilikuta zaidi ya watoto 100,000 kwenye majumba ya serikali. Miaka ya 2000 ilipoanza, watafiti walichukua watoto wadogo 136 kutoka taasisi za Bucharest, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwa familia za malezi, nusu wakabaki na utaratibu wa kawaida. Waliokwenda kwenye familia walipata nafuu katika akili na katika uwezo wa kushikamana na mtu, hasa waliotoka kabla ya kufika kama miaka miwili. Waliochelewa walipata nafuu kidogo. Vituo vile vilikuwa na chakula na paa. Walichokosa watoto ni mtu mmoja wa kudumu, yule ambaye mtoto akilia usiku anajua ni nani atakayekuja.

Nilipokuwa kijana nilijitolea miezi mitatu kwenye nyumba ya watoto. Palikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kama minne aliyekuwa akishika kidole changu kimoja tu, cha shahada, na kutembea nacho siku nzima kama ufunguo. Nilipoondoka alilia hadi akatapika, na mimi nikaondoka nimejivika kilio chake kama nishani. Baada ya mwaka nikakutana na mlezi mmoja wa pale. Nikamwuliza habari za rafiki yangu. Akasema baada yangu walikuja wengine wanne. Wa kwanza alimshika kidole. Wa pili pia. Wa nne alipokuja, mtoto hakushika mtu. Mlezi yule hakuwa ananilaumu, alikuwa anajibu swali nililomwuliza. Nilikwenda kusomea ustawi wa jamii mwaka uliofuata.

Najua utaniuliza: George Müller je? Alikuwa mgeni pia, Mprusi aliyehamia Uingereza, na huko Bristol kuanzia mwaka 1836 mpaka alipofariki mwaka 1898 alitunza watoto zaidi ya 10,000 kwa maombi. Ni kweli, nami namheshimu. Lakini angalia mambo mawili yasiyohubiriwa. Mwanzoni nyumba zake zilipokea mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili tu, na asiye na kitu. Tena taasisi yake mwenyewe iliuza yale majumba makubwa ya Ashley Down mwaka 1958 ikahamishia watoto kwenye nyumba ndogo za mfano wa familia. Warithi wa Müller hawakuona kwamba kubadili njia ni kumkana baba yao wa imani.

Ukitaka wa kufuata kwa karibu zaidi, mtazame Amy Carmichael. Huyu wa Ireland alikwenda Japani mwaka 1893, akaugua akarudi. Mwaka 1895 akafika India. Hakwenda kwa ajili ya watoto. Zaidi ya miaka mitano alikuwa akijifunza Kitamil na kuzunguka vijijini na wanawake wa Kihindi, ndipo mwaka 1901 msichana mdogo aliyetoroka hekaluni akaletwa kwake. Yaani mtoto wa kwanza alimkuta mtu anayeweza kumsikiliza kwa lugha yake, mwenye wenzake wenyeji. Hakurudi kwao tena mpaka alipokufa mwaka 1951. Mwingine ni Mwingereza Gladys Aylward, aliyekataliwa na shirika la misheni kwa kuwa Kichina kilimshinda darasani. Akaenda kwa akiba yake ya utumishi wa ndani, akakijifunza kati ya watu, na mwaka 1936 akachukua uraia wa China. Mwaka 1940, vita vilipowafikia, aliwavusha watoto wapatao mia milimani kwa miguu. Watu hupenda hiyo safari ya milimani. Mimi napenda ule uraia.

Si lazima nawe ukazikwe huko, ila miezi mitatu ya kuwa mlezi wa watoto ni michache mno. Mtu anayekaa muda mfupi anaweza kufanya kazi nzuri sana, mradi isiwe kazi ya kushikwa kidole. Fundisha walezi wenyeji. Tengeneza vifaa vya kuchezea na kujifunzia, kaa na mwalimu wa pale mwaandae pamoja masomo ambayo yeye atayaendeleza ukishaondoka. Wewe una ujuzi wa chekechea, na hiyo ni dhahabu: darasa la kutwa la watoto wadogo linampa mama mjane saa za kufanya kazi, na jioni mtoto analala kwake. Wengi wanaotaka kuwa wamisionari wa yatima hawana hata robo ya ulichonacho, nawe unataka kukiacha nyumbani uende ukapakate watoto.

Kabla ya kukata tiketi, andikia kituo kile. Waulize kimesajiliwa na ofisi gani ya serikali na lini kilikaguliwa mara ya mwisho. Waulize ni watoto wangapi walirudi kwa familia zao mwaka jana, na nani anawafuatilia baada ya kurudi. Hili la watoto waliorudi ndilo la maana, wakilijibu kwa idadi na jina la cheo cha mhusika, moyo wangu utatulia nusu. Waulize mtoto akitaka kusema ameumizwa na mtu mzima, anasema kwa nani. Kisha subiri uone kama na wao watakuuliza wewe. Wakikupokea bila cheti cha polisi kuonyesha huna kosa la jinai, bila barua za wadhamini, bila mahojiano, bila kukutia sahihi kanuni za kulinda watoto, usijione umebarikiwa. Kama wewe umepita kirahisi hivyo, mbakaji naye alipita.

Pia tafuta mashirika ambayo hayana vitanda. Nchini Rwanda, baada ya serikali kupitisha mkakati wa mageuzi ya malezi ya watoto mwaka 2012, watoto waliokuwa vituoni, zaidi ya 3,000, walianza kurudishwa kwa ndugu au kutafutiwa familia. Kila kijiji kina watu wawili wa kujitolea, mwanamke na mwanamume, wanaoitwa marafiki wa familia, jumla yao karibu 30,000. Hao ni majirani tu, hawana pasipoti wala barua ya wafadhili. Kazi kama hiyo inahitaji wakufunzi, waandishi wa mitaala, watu wa kukaa na walezi wa kambo, yaani waliopokea mtoto asiye wao, na kuwasikiliza. Picha zake hazivutii kwenye kalenda ya kanisa, nakuonya mapema.

Na tukigusa picha: sura ya mtoto, jina lake na habari ya msiba wake usivirushe mitandaoni, hata kwenye barua ya maombi kwa waumini wako. Siku moja atakuwa na miaka 23 kama wewe na atajitafuta kwenye simu.

Lugha ianze sasa, ukiwa bado nyumbani. Usingoje kufika.

Kuhusu mchungaji wako, nina maneno machache, maana namheshimu. "Mungu atakuonyesha ukifika" ni neno la imani kwa mtu aliyetumwa, lakini kanisa linalotuma lina kazi kabla ya hapo. Mwombe akae nawe na wazee wa kanisa pamoja na wazazi wako, meza moja. Iandikwe nani atachangia kila mwezi, kwa muda gani, nani utampigia simu mambo yakiharibika, na nauli ya kurudi iwekwe akiba kabla ya ile ya kwenda. Baba yako akisikia kuna nauli ya kurudi, utashangaa sauti yake itakavyoshuka. Na lile lao la ajira lisikuudhi. Mwaka mmoja au miwili ya kufundisha chekechea ya kweli, yenye watoto wakorofi na wazazi wanaolalamika, itakupa kitu cha kwenda nacho. Wakati huohuo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii iliyo karibu nawe kama kuna familia inayolea mtoto wa ndugu na inahitaji mkono. Nenda hapo kila Jumamosi kwa mwaka mzima, bila kumwambia mtu kanisani.

Majibu ya kituo yakija, niletee tuyasome pamoja. Wakikataa kujibu lile swali la watoto waliorudi nyumbani, niletee hivyo hivyo.